Kitani na Katani

Kwao mama ni kitani, kwetu ni katani.
Herufi moja tu, alisema baba, akaoa.

Alikuwa Kaunasi akisomea udongo,
mwaka wa sabini na tisa, koti la kuazima,
akaingia ukumbini kukimbia baridi, si kutafuta mke.
Wakampanga kwenye duara kwa kuwa mwanamume mmoja alipungua.
Hivyo ndivyo nilivyoanza mimi:
kwa upungufu wa mtu mmoja.

Mama alishuka Tanga na masanduku mawili.
La kwanza nguo. La pili kinubi cha kwao, kanklesi,
kimefungwa shuka kama mtoto mwenye homa.
Unyevu wa Chumbageni ukazila nyuzi kabla mwaka haujaisha.
Hakulia. Alikwenda kwa fundi baiskeli, barabara ya nane,
akanunua waya wa breki, akaufumua uzi kwa uzi.
Kinubi kikapata sauti nyingine, kavu kidogo,
sauti ya mtu aliyehamia.

Jumamosi, saa kumi, klabu ya reli.
Mwanzoni walikuwa watatu: yeye,
mke wa mhandisi wa kiwanda cha saruji,
na sista mmoja aliyecheza kwa kumficha padri.
Mhandisi akahamishwa. Sista akazikwa.
Mama akabaki taifa zima peke yake.
Akanitazama mimi, na jirani, na waliokuwa wakichungulia dirishani,
akasema kwa Kiswahili chake kisicho na haraka:
Ingieni. Duara halina mlango.
(Mpaka leo sijui alimaanisha hazuiwi mtu
au hatoki mtu.)

Ngoma ile yataka viatu vya mti.
Fundi Saburi wa Ngamiani aliitazama picha, akacheka:
"Hii si ile mitalawanda ya bibi yangu?"
Akachonga jozi kumi na mbili, zote na misuruaki yake,
maana kiatu kisicho na msuruaki, alisema, ni mtumbwi.
Basi sisi tunacheza kwa kubana vidole,
ko-ko, ko-ko, juu ya sakafu,
na Sikudhani, muuguzi wa Bombo, huwahi nusu pigo,
kwani goti lake limelelewa na mdumange.
Mama alimsahihisha miaka sita.
Mwaka wa saba tukamsikia mama mwenyewe
anawahi.

Mwaka jana tulituma video kwenye tamasha lao.
Jibu likaja na fomu, na heshima nyingi:
Ninyi ni Walithuania wangapi?
Niliikalia fomu ile usiku kucha.
Nusu, niliandika. Nikafuta.
Mama tulimzika Machi,
na hiyo nusu niliyobaki nayo siijui iko wapi,
mguu unaokanyaga au mguu unaongoja.
Nimhesabu nani? Mbaruku, fundi redio,
aimbaye maneno yote bila kujua maana ya hata moja
na sauti humkatika palepale ilipokuwa ikimkatika mama?
Sikudhani, aliyemwosha,
akamfunga mshipi wake wa kitani
uliokwisha kutiwa viraka kwa uzi wa katani,
akaniuliza fundo lielekee kushoto au kulia,
na mimi, mtoto wa kumzaa, nisijue?

Niliandika: kumi na mmoja.
Sikueleza.

Leo joto limekaa ukumbini kama mgeni asiyeaga.
Waya mmoja umekatika jana,
na fundi baiskeli siku hizi ni mjukuu wake,
anauza breki za aina nyingine. Tutaona.
Mbaruku anahesabu. Chini ya benchi
jozi ya kumi na mbili imegeukia ukuta.
Kuna mtoto dirishani, kidevu juu ya nondo,
miguu yake midogo mno, naiona kutoka hapa,
itaogelea mle ndani.

Mwite, asema Sikudhani,
tayari ameshawahi.